Fito za usukani za krola: angalia ncha kabla ya katikati

Mtu anapotafuta fito mpya za usukani kwa krola, yaani gari la rimoti la kupanda miamba, swali lake la kwanza huwa la malighafi: alumini, chuma au titani? Swali lina maana, ila limetangulia mno. Fito nyingi za krola haziharibikii katikati. Zinaharibikia kwenye ncha, pale stadi (bolti isiyo na kichwa) nyembamba yenye thredi inapotoka kwenye ufito na kuingia kwenye endi ya plastiki, yaani kiungio chenye gololi. Ufito mnene wa milimita 6 uliofungwa kwa stadi za M3 (thredi ya kipenyo cha milimita 3) una nguvu ya M3, si ya milimita 6.

Tuelewane majina kwanza. Tairodi ni ufito mrefu unaounganisha nako ya kushoto na ya kulia, yaani vile vipande vinavyogeuka pamoja na magurudumu. Draglinki ni ufito unaotoka kwenye mkono wa sevo (mota inayogeuza usukani) hadi kwenye nako moja, au kwenye tairodi yenyewe katika baadhi ya magari. Sevo ikifungwa juu ya ekseli, kama kwenye Axial Wraith, draglinki huwa fupi na hupanda na kushuka pamoja na ekseli. Sevo ikikaa kwenye chesisi, kama kwenye Traxxas TRX-4, draglinki hurefuka, na huongezeka ufito mwingine, panhadi, unaozuia ekseli isihame kushoto wala kulia.

Mahali ufito unapokufa

Chukua krola ya kilo 3 iliyokwama huku tairodi ikiwa imelala juu ya ncha ya jiwe. Tairodi ina milimita 120 kutoka katikati ya gololi moja hadi katikati ya nyingine, na jiwe limeigusa katikati kabisa. Uzito wote ukiwa hapo, ni takriban nyutoni 30, na kila ncha inabeba 15. Kwenye ufito mzima wa milimita 6, mkazo wa kupinda katikati ni karibu MPa 42 (megapaskali, yaani nyutoni kwa kila milimita ya mraba). Huo ni mdogo. Alumini ya kawaida ya 6061-T6 huanza kupinda bila kurudi kwenye MPa 276 hivi.

Sasa sogea hadi milimita 18 kutoka katikati ya gololi, pale endi inapoishia na stadi kuonekana. Nguvu ya kupinda hapo ni chini ya theluthi ya ile ya katikati, lakini M3 ikitolewa kina cha thredi inabaki na kiini cha milimita 2.39 tu. Mkazo wake unafika MPa 201, karibu mara tano ya katikati. Weka M4 mahali hapohapo: kiini ni milimita 3.14, na mkazo unashuka hadi MPa 89. Kipenyo kimeongezeka milimita moja, uwezo wa kuhimili kupinda umezidi maradufu. Kanuni ni kwamba uwezo huo hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tatu, na ukakamavu (ugumu wa kunyumbulika) hufuata kikizidishwa chenyewe mara nne.

Hapo gari limetulia. Likidondoka kutoka jiwe moja hadi jingine, nguvu hupanda mara kadhaa. Tukikadiria mara tano, stadi ya M3 inapata zaidi ya MPa 1000, ya M4 karibu 445, na katikati ya ufito 210. Stadi ya chuma kisichoshika kutu ya daraja la A2-70 huanza kupinda kwenye MPa 450. Kwa hiyo M3 ya aina hiyo imekwisha kupinda zamani, na M4 iko ukingoni lakini ingali hai. Stadi iliyokatwa kutoka bolti ya daraja la 12.9 huhimili karibu MPa 1080 kabla ya kupinda, ndiyo maana wanaolazimika kubaki na M3 hutumia chuma hicho.

Tahadhari moja hapa. Fito nyingi za bei nafuu huja na skrubu zisizo na kichwa, zile nyeusi zenye tundu la pembe sita, zikitumika kama stadi. Skrubu za aina hiyo za daraja la 45H zinasifika kwa ugumu, lakini zilitengenezwa kusukuma na kubana kitu, hazikukusudiwa kuvutwa wala kupindwa. Hazipindi kwanza ili ukaone dalili. Hukatika ghafla, na nusu moja hubaki ndani ya ufito ambamo huna namna rahisi ya kuitoa. Tena lile tundu la funguo limekula chuma cha ncha yake. Ukizitumia, hakikisha upande wenye tundu umezama ndani kabisa ya ufito, usiwe pale kwenye kiungio.

Pengo kati ya endi na ufito

Hili hupuuzwa sana, na halihitaji pesa kulirekebisha. Endi ya plastiki inapaswa kukaza hadi bega lake likutane na uso wa ufito, bila nafasi. Zikigusana, ufito unapopinda bega la endi husukumana na uso wa ufito na stadi haibebi kupinda peke yake. Ukiacha milimita 3 za thredi zikionekana ili kupata urefu unaotaka, umeiweka stadi uchi mahali pabaya kuliko pote, na mwanya huo ndio utakaopinda.

Kwa hiyo urefu wa ufito wenyewe unapaswa kuchaguliwa vizuri tangu mwanzo, usije ukafidia kwa thredi. Pima kwa kalipa umbali kutoka katikati ya tundu la nako moja hadi katikati ya tundu la nyingine, magurudumu yakiwa yametazama mbele sawasawa. Toa urefu wa endi mbili, kila moja ikipimwa kutoka katikati ya gololi hadi kwenye bega. Kinachobaki ndicho urefu wa ufito. Pengo dogo likibaki baada ya kurekebisha magurudumu, lijaze kwa washa nyembamba za chuma mpaka endi ikae imara.

Marekebisho yenyewe si makubwa. Thredi ya M4 ya kawaida husogea milimita 0.7 kwa kila mzunguko, ya M3 milimita 0.5. Kama mkono wa nako una milimita 18, mzunguko mmoja wa endi ya M4 kwenye ncha moja hubadilisha mwelekeo wa magurudumu mawili, ukijumlisha, kwa nyuzi kama 2.2. Nusu mzunguko ni nyuzi 1.1, na kwa krola hiyo inatosha kabisa. Gari hili halikimbii; magurudumu yakitazama ndani au nje kwa nyuzi moja hutaona tofauti juu ya mwamba.

Ndani ya endi ya plastiki thredi inahitaji kina cha angalau mara mbili ya kipenyo: milimita 6 kwa M3, milimita 8 kwa M4, na zaidi ikiwezekana. Ndani ya alumini, mara moja na nusu ndiyo kiwango cha chini. Stadi ya M4 yenye urefu wa milimita 20, ikiingia 10 kila upande, haina tatizo. Epuka stadi inayogota chini kabla bega halijafika, kwani utaamini umekaza kumbe umebana stadi dhidi ya mwisho wa tundu.

Sasa malighafi

Alumini ya 7075-T6 huanza kupinda bila kurudi kwenye MPa 503 hivi, karibu mara mbili ya 6061. Muuzaji asipotaja ni alumini ya namna gani, ichukulie kuwa ni 6061 au dhaifu zaidi. Rangi haikuambii lolote. Udhaifu wa alumini yoyote kwenye miamba ni kwamba huchimbika: jiwe lenye makali huacha mkwaruzo, mkwaruzo hunasa kwenye jiwe linalofuata, na gari linasimama pale ambapo lingeteleza. Mikwaruzo mirefu ilainishe kwa msasa, kwa kufuata urefu wa ufito. Mkato unaozunguka ufito kwa upande ni hatari zaidi, maana ufa huanzia hapo.

Chuma kisichoshika kutu cha 304 huwashangaza wengi. Kikiwa kimelainishwa kwa joto huanza kupinda kwenye MPa 205 tu, chini ya 6061-T6. Kilichovutwa kikiwa baridi huwa na nguvu zaidi, ila mara nyingi muuzaji hasemi. Faida yake ni ukakamavu: chuma ni kikakamavu karibu mara tatu ya alumini, kwa hiyo usukani hauna ulegevu, na uso wake huteleza vizuri juu ya jiwe.

Titani ya daraja la 5 ndiyo inayosamehe makosa mengi zaidi. Inavuka MPa 800 kabla ya kupinda bila kurudi, na kwa kuwa ukakamavu wake ni nusu tu ya chuma na kidogo, hupinda kwa muda ikipigwa kisha hurudi. Kinachosumbua ni thredi zake. Titani ikisuguana na titani, au na chuma kisichoshika kutu, hushikana na kung'ang'ania. Paka grisi ya kuzuia kushikana kwenye stadi kabla ya kufunga, na ukaze polepole kwa mkono. Ukitumia mashine utaiharibu mara moja.

Uzito usikusumbue. Milimita 100 za ufito mzima wa milimita 6 ni gramu 8 kwa alumini, 12.5 kwa titani, 22 kwa chuma. Fito hizi zinakaa chini kwenye ekseli ya mbele, ambako krola inahitaji uzito hata hivyo, kwa hiyo gramu kumi na kitu za ziada ni msaada. Shaba ya njano hutumika kwa sababu hiyohiyo, lakini ni laini. Iweke kwenye nako na vifuniko vya ekseli, usiifanye tairodi. Fito za kaboni sizipendekezi kabisa kwa kazi hii. Zinakakamaa vizuri zikivutwa, ila pigo la upande huzipasua, na ncha za chuma zilizogundishwa huchomoka.

Ningechagua hivi: kwa tairodi, alumini ya 7075 au titani yenye kipenyo cha milimita 6 au 7, stadi za M4 kila upande. Kwa draglinki fupi iliyojificha juu ya ekseli, M3 ya chuma kigumu inatosha, maana miamba haiifikii. Nguvu inayopita hapo ni ya sevo tu. Sevo inayosukuma kilo 25 kwenye mkono wa sentimita 1, ikipewa mkono wa sentimita 2, husukuma kwa kilo 12.5, na hiyo si kitu kwa ufito ulionyooka.

Neno “ulionyooka” lina uzito wake. Ufito uliopinda milimita 5 katikati haubadilishi sana mwelekeo wa magurudumu: kwa urefu wa milimita 120 unafupika kama milimita 0.4, nyuzi moja na kitu. Kwa hiyo wengi huuacha. Lakini kila sevo inaposukuma, kilo zile 12.5 hazipiti tena katikati ya ufito, zinaukunja zaidi. Kwenye ufito wa milimita 4, hilo pekee linaleta mkazo wa karibu MPa 100 kwa kila kona, mara mia kwa mchezo mmoja, na usukani unakuwa kama springi: unageuza, ufito unajikunja, gurudumu linabaki palepale limebanwa na jiwe. Fito zilizopindwa kiwandani ili kupita juu ya miamba zina hali hiyohiyo tangu siku ya kwanza. Ukizihitaji kwa ajili ya nafasi, panda ukubwa: kama ulionyooka ungekuwa wa milimita 5, uliopindwa uwe wa 6 au 7.

Endi, gololi na skrubu zake

Endi ya plastiki ndiyo inayochakaa kwanza, na hilo ni sahihi. Ni rahisi kubadilisha, na hunyumbulika kidogo kabla pigo halijafika kwenye gia za sevo. Krola nyingi hazina kile kifaa cha springi kinachoilinda sevo, kwa sababu kinanyima usukani nguvu, basi kila kitu kinachonyumbulika kina thamani. Endi za chuma tupu hupendeza, lakini mchanga hula gololi yake upesi na zikilegea hakuna marekebisho. Endi za Traxxas Revo zenye thredi ya M4 ni kubwa na ngumu, na ndizo hutumika sana kubadilishia zile nyembamba za M3.

Gololi mpya ikibana, usukani unakuwa mzito, sevo inalia na kupata joto. Ijaribu kabla ya kufunga: shika endi, ufito ukiwa upande mmoja tu, unapaswa kuanguka kwa uzito wake. Ukikataa, bana endi kidogo kwa koleo juu ya gololi, kwa wepesi, zungusha, bana tena. Zaidi ya hapo umeipasua.

Endi mbili za ufito mmoja ziwekwe kwenye pembe moja. Ukiushika ufito na kuuviringisha kwa vidole, unapaswa kucheza sawa mbele na nyuma. Kama unagota upande mmoja mapema, endi moja imegeuzwa, na ekseli ikijipinda juu ya miamba endi hiyo itakunjwa na kuchomoka kwenye gololi.

Weka washa pana kuliko tundu la endi, upande wa kichwa cha skrubu. Hata plastiki ikichakaa na gololi ikitoka, ufito hauwezi kuanguka, na gari litarudi likitembea. Skrubu ya M3 inayopita kwenye gololi iwe ya chuma kigumu, na sehemu isiyo na thredi ndiyo ikae kwenye kiungio ikiwezekana. Nati ya nailoni ni bora kuliko gundi ya thredi hapa. Gundi ya bluu itumike pale chuma kinapokutana na chuma tu; ikivuja hushambulia baadhi ya plastiki na kuzifanya zipasuke.

Ukitengeneza mwenyewe

Kata ufito kwa msumeno wa chuma, nyoosha ncha kwa tupa hadi ziwe sawasawa na mhimili, kwa sababu bega la endi litaegemea hapo. Tundu la M4 hutobolewa kwa biti ya milimita 3.3, la M3 kwa 2.5, kina cha milimita 14 ili thredi nzima zifike 11 au 12. Mashine ya kukereza ndiyo njia ya uhakika ya kupata tundu katikati. Bila hiyo, funga ufito wima kwenye jiliwa chini ya dreli ya kusimama, na uweke alama ya katikati kwa nukta ndogo kwanza. Tundu likienda upande hata milimita 0.5, ukuta wa upande mmoja unakuwa mwembamba. Ufito wa milimita 6 ukikatwa thredi za M4 unabaki na ukuta wa milimita 1 kuzunguka, na huo unatosha. Ufito wa milimita 5 unabaki na 0.5, nao hupasuka kwa urefu. Tumia mafuta, zungusha kikatio cha thredi nusu mzunguko mbele na robo nyuma, na usafishe vumbi la chuma kabla ya stadi kuingia.

Kukaa kwake garini

Gari lenye sevo kwenye chesisi lina sharti la ziada: draglinki na panhadi ziwe sambamba na zikaribiane kwa urefu, zikipimwa kutoka gololi hadi gololi. Zikitofautiana, kila ekseli inapopanda magurudumu yanageuka yenyewe, na sevo inapigana na springi za gari lako mwenyewe. Umbo la ufito halihusiki hapa, hata ukiwa umepindwa. Kinachohesabika ni mstari kati ya gololi mbili.

Kabla ya kukaza mwisho, toa springi kwenye shokapu za mbele. Bonyeza ekseli hadi juu kabisa, geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Rudia upande mmoja wa ekseli ukiwa juu na mwingine chini. Tazama kama tairodi inagusa kifuniko cha difu, fito za chini za ekseli au ndani ya rimu. Mguso mdogo sana kwenye meza ni pigo kamili kwenye mwamba.

Halafu washa gari na uweke mipaka ya sevo kwenye rimoti. Nako zikigota kwenye kizuizi chake, sevo isiendelee kusukuma. Ikiwa inanguruma magurudumu yakiwa yamefika mwisho, punguza asilimia ya upande huo hadi inyamaze. Mkono wa sevo, katikati ya safari yake, uwe karibu nyuzi 90 na draglinki. Kama sivyo, uhamishe jino moja kwenye shafti kabla ya kurekebisha kwa rimoti.

Gari likishapita kwenye maji au tope, fungua ncha moja ya kila ufito wa alumini wenye stadi za chuma kisichoshika kutu, futa thredi na uzipake grisi upya. Metali hizo mbili zikilala pamoja kwenye unyevu wenye chumvi hutoa unga mweupe, na stadi iliyogandishwa na unga huo hukatika unapojaribu kuifungua.